Imeiva, Njoo Utoe

Kwanza nitawaonyesha jinsi ya kuosha CD. Najua hamtawahi kuosha. Wengi wenu mnaijua tu kama kile kitu cha kung'aa ambacho mama zenu hufunga kwa kamba shambani ili ndege waache mtama. Lakini mimi ndiye ninayeandika na nyinyi ndio mnaosoma, kwa hivyo vumilieni.

Maji yawe ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na kitambaa laini. Fulana kuukuu inatosha. Unapangusa kutoka kwa lile shimo la katikati ukienda nje, moja kwa moja. Usizungushe. Ukizungusha, mkwaruzo wako unafuata njia ile ile ambayo jicho la mashine hupitia, na mashine inapotea kabisa. Ukipangusa kwenda nje, mkwaruzo unakata njia tu, na mashine inaruka na kuendelea. Hilo lilinichukua miaka kulijua, na nimewapa bure.

Nilifanya kazi hii Burumba, hapo mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika kibanda cha mabati kilichokuwa katikati ya kinyozi na mama wa samaki. Nilirekodi kwa kamera na kuchoma kwa CD arusi, ubatizo, mazishi, kwaya. Filamu za watu pia, nisiwe mwongo, nilichoma chache nikaacha. Zote tuliita CD, hata zile zilizokuwa DVD, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mazishi ndiyo yalinilisha. Mtu akizikwa huku kwetu, kila nyumba ya ukoo inataka nakala yake, na walio mbali wanatumiwa zao na dereva wa lori. Arusi moja ilikuwa nakala kumi. Mazishi ya mzee aliyekuwa na wake watatu, hapo nilijua wiki imejaa.

Mwanzoni nilichoma kwa kubofya. Bofya hapa, ngoja, bofya pale, ngoja, jibu swali, ngoja tena. Ukiinuka kunywa maji unarudi hukumbuki ulikuwa nakala ya ngapi, au hata ulikuwa unachoma nini. Ndivyo nilivyompa bi arusi mmoja wa Alupe CD ya mazishi. Waliiweka mbele ya wakwe, soda zimeshafunguliwa, na kitu cha kwanza kutokea kwenye televisheni kikawa jeneza. Bwana arusi alikuja kwangu kwa miguu akiwa amevaa ile suti. Hakupiga kelele. Aliiweka CD mezani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Fundi, mama mkwe wangu anauliza kama hiyo ni ishara."

Aliyeniokoa alikuwa Ssalongo. Hilo ndilo jina Waganda humpa baba wa mapacha, na sikuwahi kumjua kwa jina lingine. Alikuwa fundi wa kompyuta upande wa Uganda, na siku za soko alikuwa anavuka kuja kwetu kutafuta vipuri. Alinisikiliza habari ya bi arusi mpaka mwisho, akacheka, akafuta machozi, halafu akaniambia, kwa lile neno lao la kumwita mtu bwana, "Ssebo, wewe unafanya kazi ya mashine. Wacha mashine ifanye kazi ya mashine."

Akaniwekea Linux, ile programu ya bure ya kuendesha mashine, kwa kompyuta yangu kuukuu, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, akanifundisha kuandika skripti. Msitishike na neno. Skripti ni barua fupi unayoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari: fanya hili, ukimaliza fanya hili. Yangu ilisema hivi. Soma CD ya asili na uiweke yote kwa faili moja. Choma faili hiyo kwa CD tupu. Ukimaliza, isome ile nakala yote na uilinganishe na faili. Zikiwa sawa, fungua trei, kile kisahani cha kuwekea CD. Kisha lia, ungoje mwenye mashine aweke CD nyingine na abonyeze Enter. Rudia mpaka zitimie. Basi. Mistari haikujaza ukurasa wa daftari la mtoto.

Mstari ambao Ssalongo aliusimamia kama askari ni ule wa kulinganisha. Mimi niliuona kama mzigo, kwa sababu unafanya kila nakala ichukue muda karibu mara mbili. Yeye alisema, "Mashine ikikuambia imekamilika, inamaanisha tu imechoka kuandika. Haimaanishi kitu kinasomeka. Soma tena, ssebo. Kila wakati, soma tena." Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu mimi nilikuja kuyasahau siku moja tu, na siku hiyo ndiyo imenifanya niandike haya.

Sasa niwaambie juu ya ule mstari wa kulia. Ssalongo aliandika mashine ilie *tii*. Mimi nami nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikiacha skripti ikifanya kazi naenda kwa kinyozi kucheza drafti. Kutoka pale *tii* haisikiki. Aliyeisikia ni mke wangu, Mama Nekesa, ambaye alikuwa na jiko lake nyuma ya kibanda. Alikuwa akisikia *tii* anainua kichwa kutoka kwa sufuria na kuniita kupitia ua: "Baba Nekesa, imeiva. Njoo utoe." Kwake CD ilikuwa kama maharagwe. Unaweka, unangoja, inaiva, unatoa.

Siku moja nilimwambia asichoke bure, aseme maneno hayo mara moja kwa maikrofoni nami nitaifundisha mashine kumwitia. Alikataa kwanza, akasema yeye si mtu wa redio. Halafu akakubali, akiwa bado ameshika kifuniko cha sufuria. Kwenye ile sauti unasikia kifuniko kikigonga, lori likipiga honi barabarani, halafu yeye: "Baba Nekesa, imeiva. Njoo utoe." Mwishoni kuna kacheko kadogo, kwa sababu alidhani nimeshazima.

Niliiweka kwa skripti, iite kila baada ya nusu dakika mpaka nibonyeze Enter. Nami nikaendelea kukaa kwa kinyozi. Ilikuwa ikiita mara nne, mara tano, watu wa Burumba wote wanasikia, na mimi nasukuma kete. Sikumbuki siku hata moja niliyoenda kwa mwito wa kwanza. Mama Nekesa alisema, "Hata mashine unaifanyia vile unanifanyia mimi." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha tu.

Halafu kwaya ya akina mama wa kanisa letu ikaniletea kazi, nyimbo kumi na mbili, nakala thelathini. Zilikuwa za mp3, zile ambazo redio za malori zinaweza kusoma, kwa sababu mwenyekiti wao, Mama Rispa, alikuwa na akili ya biashara. Alijua pale Malaba mpakani malori hulala foleni yakingoja kuvuka, na dereva akingoja atanunua hata kiberiti asichokihitaji.

Kazi hii haikuwa ya kunakili CD moja kwa nyingine. Nilizipanga nyimbo kwa folda moja, 01 mpaka 12, nikaiambia skripti ichome kila kitu kilichomo. Kumbe ile sauti ya Mama Nekesa nilikuwa nimeihifadhi kwa folda hiyo hiyo. Mashine haina akili ya kujua hiki ni cha mteja na hiki ni cha mke wako. Ilichoma kumi na tatu. Kulinganisha nako hakukusaidia kitu, kwa sababu kulinganisha kunakuambia nakala inafanana na asili. Hakukuambii kwamba asili yenyewe ina makosa. Hilo linataka masikio ya mtu. Ukichoma nyimbo, chukua nakala moja uisikilize mpaka mwisho kabisa, hata kama unazijua nyimbo hizo tangu ubatizo. Mimi nilisikiliza mbili za mwanzo nikaenda drafti.

Wiki iliyofuata nilikuwa naendesha baiskeli Malaba, napita kando ya foleni, nikasikia dereva kutoka juu ya lori: "Baba Nekesa!" Nikageuka. Sikumjua. Akasema, "Imeiva!" Lori la nyuma yake likaitikia, "Njoo utoe!" Matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakaanza kugonga milango ya malori kwa vicheko. Nilikanyaga pedali kutoka pale mpaka Busia bila kupumzika, nikijiuliza dunia imepatwa na nini.

Mama Rispa alikuwa akiningoja kibandani, mkoba mapajani. "Baba Nekesa," alisema, "sisi tunaimba habari za mbinguni. Mtu anafunga macho, machozi yanamtoka. Halafu bibi yako anatuita chakula?"

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, badala ya kucheka naye, nilimgeukia mbele ya Mama Rispa nikamwambia, "Sauti yako imeniaibisha Busia nzima."

Aliacha kucheka. Alirudi kwa jiko lake.

Siku zilizofuata nilizunguka na baiskeli kukusanya zile CD na kuwapa watu nyingine safi. Nilikusanya ishirini na nane. Jioni moja niliziweka mezani nikatafuta makasi nizikate ili zisirudi tena barabarani. Mama Nekesa alikuja, akachukua makasi mkononi mwangu, akaketi. Alizikata zote yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Alipomaliza akafagia vipande. Akaniambia, "Hata hiyo ya kwa mashine, kama inakuaibisha, itoe."

Sikuitoa. Niliihamisha tu kwa folda yake peke yake, skripti ikaendelea kuita kama kawaida. Nilidhani kuiacha pale ni kuomba msamaha. Lakini Mama Nekesa hakuwa mtu wa kusoma skripti. Neno lenyewe sikulisema, si siku ile, si mwaka ule. Na tangu siku ile hakuwahi kuniita tena kwa mdomo wake kupitia ua. Alikuwa akija mpaka kwa kinyozi, ananigusa bega. Watu wa drafti walidhani ni mapenzi.

Zile CD mbili zilizobaki, moja ilikuwa kwa dada yake Mama Rispa, aliyesema hajui alikoiweka. Ya pili ilikuwa kwa dereva mmoja Mkamba aliyeitwa Kilonzo. Nilimkuta Malaba kwenye foleni, akanitazama usoni akasema, "Hiyo ilipotea, boss." Nilijua anadanganya, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliye juu ya lori.

Mama Nekesa aliugua, na ugonjwa wenyewe haukuchukua muda. Nilimzika kijijini kwetu Bukhayo, karibu na nyumba ninayokaa sasa. Niliporudi kibandani baada ya matanga, kulikuwa na kazi ya watu inangoja. Nikaanzisha skripti. Nakala ya kwanza ilipokamilika, ikaita. "Baba Nekesa, imeiva. Njoo utoe." Nilikuwa nimekaa pale pale mbele yake. Nilichomoa waya wa spika.

Halafu nikafungua skripti nikaweka alama ya *hash*, hii #, mbele ya mstari huo. Ukiweka alama hiyo, kompyuta inauruka mstari kana kwamba haupo, lakini mstari haujafutwa. Upo, umenyamazishwa tu. Niliona hiyo inanifaa. Nilifanya kazi kimya miaka hiyo yote iliyobaki.

Kazi nayo ikaanza kufa. Zilikuja flashi, zikaja simu, watu wakaanza kutumiana mazishi kabla hata jeneza halijashuka. Kinyozi alihama. Mama wa samaki alipanua akachukua upande wa kinyozi. Ssalongo alikuwa ameacha kuvuka, na siku nilipoenda kumtafuta ng'ambo nilikuta duka lake linauza viatu. Nikaamua kuuza kompyuta na kurudi Bukhayo. Kabla ya kuiuza nilichoma vitu vyangu vyote kwa CD moja: picha, barua, skripti, na ile sauti. Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni, stima ilikuwa inakatika na kurudi, na mimi nikaondoa mstari wa kulinganisha ili tumalize. Mashine ikaandika: imekamilika. Nikatia CD kwa bahasha nikaenda nyumbani. Mnunuzi akafuta kila kitu, kama ilivyo haki yake.

Binti yangu Nekesa ameolewa Nakuru na hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja akaniuliza, "Baba, uko na sauti yoyote ya mama? Hawa watoto hawajawahi kumsikia." Nikamwambia iko, hiyo ni kazi ndogo kwangu. Nikajisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilikuwa na laptopu kuukuu na mashine ndogo ya CD ya kuchomeka pembeni. Nikatoa CD kutoka kwa bahasha, nikaitia ndani. Ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Nikaiosha. Nikajaribu tena. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa imechomwa vibaya tangu siku ya kwanza, na mimi, fundi mzima, sikuisoma tena.

Msiniulize kwa nini sikuwa na nyingine. Nilirekodi mazishi ya nusu ya Busia, lakini Mama Nekesa hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Alikuwa nyuma yangu kila mara, ameshika taa.

Kila Jumapili Nekesa aliuliza, "Umeipata?" Nami nikasema bado natafuta. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Kuna siku sisemi neno mpaka kuku waingie. Nilianza kujaribu kuikumbuka ile sauti kichwani, nikagundua maneno nayakumbuka lakini sauti yenyewe imeanza kuniponyoka. Hilo lilinitia hofu kuliko kifo changu. Nilimfokea mtu kwa sababu ya sauti yake, na sasa nilikuwa tayari kutoa ng'ombe niisikie.

Ndipo nikakumbuka zile mbili.

Nilianza na dada yake Mama Rispa, hapa hapa Bukhayo. Alinipeleka shambani. Ilikuwa kweli imefungwa kwa kamba juu ya mtama, inazunguka na upepo. Niliishika nikaielekeza kwa jua, nikaona vidole vyangu kupitia kwake kama kupitia kioo. Ukiona hivyo, jua limekwisha kula yote. Hakuna cha kuosha. Nilimrudishia akaifunga tena, maana kwa ndege ilikuwa bado inafaa.

Ikabaki moja, ya mtu aliyenidanganya. Nilianza kwenda Malaba kila Jumanne, nauliza madereva Wakamba kama wanamjua Kilonzo. Wengi walikuwa vijana. Wengine walisema ameacha lori, mmoja alisema amekufa. Siku hizi malori hayakai foleni kama zamani, unamuuliza mtu swali na amekwisha kuondoka. Mama mmoja wa chai ndiye aliyeniambia, "Mzee, si huyo ndiye analinda ile yadi ya malori nyuma ya kituo cha mafuta?"

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha lori kilichong'olewa, redio ndogo mapajani. Amekonda, miguu imevimba. Sikumsalimu hata. Nilisema, "Mimi ni Baba Nekesa."

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Imeiva."

"Iko?" nikamuuliza.

"Mimi nilikudanganya, mzee. Haikupotea." Akazima redio yake. "Unajua mimi nilikuwa naenda mpaka Juba. Tanboi wangu aliniacha, nikawa naenda peke yangu. Bibi yangu naye alikuwa amerudi kwao Kitui zamani. Sasa hizo nyimbo zikiisha, huyo mama ananiita. Ananiita kabisa, kama mtu amepika. Mimi najibu, nakuja mama. Barabarani peke yangu, na najibu. Ulipokuja kuichukua niliona nikikupa, nani ataniita?"

Niwaambie ukweli, nilimwonea wivu. Mtu huyu alikuwa akimjibu mke wangu kwa mwito wa kwanza, miaka yote hiyo, na mimi mwenye mke niko kwa kinyozi nasukuma kete.

"Yuko wapi siku hizi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Alivua kofia. Halafu akainuka kwa shida, akaingia kibanda cha mlinzi, akarudi na jalada la ngozi la pasipoti. CD ilikuwa ndani yake. Hakuniachia mkononi. "Unaweza kuisomea hapa," alisema. "Hapa mbele yangu."

Nilikuwa nikibeba laptopu na ile mashine ya pembeni kila Jumanne. Nikaomba maji ya uvuguvugu kwa mama wa chai. Nikavua fulana ya ndani, nikaiosha CD kwa fulana hiyo kutoka shimoni kwenda nje, Kilonzo akinisimamia kana kwamba nafanyia mtoto wake upasuaji. Ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Mafuta ya dizeli, vumbi la Juba, vidole.

Mashine ilikataa kuisoma. Nikaiandikia skripti nyingine pale pale, magoti yakiwa ndiyo meza yangu: soma polepole kabisa. Ukishindwa mahali, paruke, endelea mbele, halafu urudi ujaribu tena. Usichoke mpaka nikuambie. Hiyo ni faida ya mashine, haina aibu ya kujaribu tena. Tuliketi. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa tatu ukapita nusu. Wa tisa na wa kumi zilikufa kabisa, na wa kumi ndio ule Mama Rispa anaimba peke yake, nikajua sitamwambia. Saa sita ikafika, jua likawa kali, Kilonzo akatoa koti lake akaikinga mashine. Namba kumi na tatu ilikuwa inasoma, inashindwa, inarudi. Nilihesabu mara ya kumi na moja, kisha nikaacha kuhesabu.

Halafu ikapita.

Sikuifungua. Kilonzo aliniangalia. "Si uweke," akasema. Nikamwambia ngoja kwanza nilinganishe. Nikasoma tena, nikalinganisha, zikawa sawa. Ndipo nikabonyeza.

Kifuniko cha sufuria. Honi ya lori. Na yeye.

"Nakuja, mama," Kilonzo akasema polepole, macho kwa ardhi.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, katikati ya yadi, na sioni haya kuwaandikia.

CD yake nilimwachia, maana aliilinda kuliko mimi. Nilimwahidi nakala mpya kwa sababu ile haitadumu, na Jumapili Nekesa alipopiga nilimwekea simu karibu na spika. Halafu nikasikia watoto wakiuliza nani huyo anacheka mwishoni.

Jumatatu asubuhi niliketi kuandika upya ile skripti ya zamani. Niliikumbuka yote. Soma. Choma. Linganisha, na huo mstari sitauondoa tena hata stima ikatike mara mia. Fungua trei. Nilipofika mstari wa kuita niliuandika bila alama yoyote mbele. Nilikuwa na CD tupu nne zilizobaki kutoka kibandani: moja ya Kilonzo, moja ya Nekesa, moja yangu, na moja ya kuharibu, kwa sababu lazima moja iharibike. Nikatia ya kwanza. Nikatoka nje, nikachukua kigoda nikaketi mwisho wa ua, mbali kiasi kile kile cha kutoka kibandani mpaka kwa kinyozi. Nilikipima kwa hatua.

Nikangoja. Kuku walikuwa wanachakura karibu na kaburi lake.

"Baba Nekesa, imeiva. Njoo utoe."

Niliinuka kabla kale kacheko hakajaisha. Niliuvuka ua mbio, na magoti yangu haya, mpaka ndani. Trei ilikuwa imefunguka. Nikasema kwa sauti, katika nyumba ile tupu, "Nimekuja, Mama Nekesa. Na sauti yako haikuniaibisha."

Nikatoa CD, nikaweka nyingine, nikabonyeza Enter, nikarudi nje kwa kigoda kumngoja aniite tena.